Mmepanua Morogoro Road hadi Kibaha, mabasi ya abiria mmeyaacha vile vile

Wakuu, nimechoka kusikia foleni ya Morogoro Road inazungumzwa kama mvua, eti inakuja yenyewe. Hii foleni imetengenezwa. Watu wa Mlandizi, Visiga na Kibaha huko Pwani wanaoingia mjini Dar kila asubuhi hawana basi la maana, ndiyo maana kila anayepata vijisenti anatafuta kigari chake cha IST na kuingia nacho barabarani peke yake, viti vinne vitupu.

Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi. Ikajengwa barabara ya njia nane, kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha. Barabara nzuri, sikatai. Lakini Costa, vibasi vya abiria, ni zile zile, konda ananing'inia mlangoni vile vile, gari binafsi ndizo zimeongezeka. Njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kazi 2016 inaishia Kimara. Mtu wa Mlandizi anafika pale keshabadilisha gari Mbezi, halafu anaanza upya kugombea mlango.

Humu kila siku mnawatukana madereva. Dereva ana makosa yake, ila tuseme ukweli: hana mshahara wa kueleweka, ana hesabu ya bosi, yaani hela anayotakiwa kumpelekea mwenye gari kila siku. Hesabu haiulizi kama saa nne asubuhi abiria wapo au hawapo. Kwa hiyo gari haliondoki Mlandizi mpaka lijae, na likishajaa, wa Visiga na Kwa Mathias wanapungiwa mkono tu. Jioni ndiyo balaa. Gari limeandikwa Mlandizi, mmelipa nauli ya Mlandizi, mkifika Maili Moja, hapo Kibaha, konda anasema "mwisho hapa". Linageuza kurudi Mbezi kufuata abiria wengine, nyie mnatafuta gari jingine na nauli nyingine. Ikinyesha, bei inapangwa papo hapo mlangoni. Lalamika, utaambiwa bodaboda zipo. Hivi mtu akitendewa hivyo mwezi mzima, halafu benki ikamwambia mkopo wa gari upo, mnategemea afanye nini?

Wanaokwenda mikoani nao wameongezewa safari. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ilizinduliwa Februari 2021, stendi kubwa kweli. Sasa anayetoka Tandika na mabegi mawili na watoto atapanda daladala gani yenye nafasi ya mzigo? Anakodi bajaji au teksi hadi Mbezi, gari zima kwa ajili ya tiketi moja ya Dodoma, na lenyewe linaingia kwenye foleni ile ile.

Na msiniambie usimamizi hauwezekani. Basi la Mwanza lina ratiba iliyoidhinishwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na wanalifuatilia kwa VTS, mfumo wa kufuatilia magari, mwendo wake unaonekana ofisini. Basi linalokwenda zaidi ya kilomita elfu moja linajulikana lilipo usiku wa manane, halafu Costa inayogeuzia Maili Moja saa moja jioni, mbele ya trafiki, haionekani?

Najua jibu litakalokuja: Kibaha ni Pwani, Mbezi ni Dar, kila mkoa na mambo yake. Abiria wa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, anayefanya kazi Kariakoo anavuka huo mpaka kila siku bila hata kujua ulipo.

Ninachotaka ni hiki. Vibali vya ruti wapewe makampuni au ushirika wa wenye magari, siyo gari moja moja. Wapewe ratiba, walipwe kwa kilomita walizotembea, dereva alipwe mshahara, na gari likikatisha ruti faini imwangukie mmiliki. Asubuhi yawepo mabasi makubwa ya moja kwa moja kutoka Mlandizi na Maili Moja hadi Ubungo, hakuna kushushana Mbezi. Saa za kazini basi lipewe njia yake na gari binafsi lisiguse humo. Wenye IST watapiga kelele. Wapige.

Wenye Costa mliomo humu, hebu semeni: hesabu ya ruti ya Mlandizi sasa hivi ni shilingi ngapi kwa siku, na mkilipwa kwa kilomita mtakubali? Wale wa "si uhamie mjini" msinijibu, kodi za Sinza nazijua.