Kansa ya tumbo: damu inaweza kutabiri kama shimio (dawa za kuua seli za kansa) itafanya kazi?

Labo_Kadutu (Bukavu)
Habari zenu wakubwa. Madaktari wanatuomba, kabla mgonjwa wa kansa ya tumbo hajaanza FLOT (mchanganyiko wa dawa nne za shimio), tupime hemogramu (hesabu ya chembe za damu), CEA na CA 19-9 (alama za kansa kwenye damu), kisha tugawe neutrofili kwa limfositi, aina mbili za chembe nyeupe. Wanataka kujua mapema nani dawa itamfaa. Je, uwiano wa 3 ndio mpaka? Na damu ya CEA ikienda Goma kwa boti ya usiku, itafika ingali nzuri? Aksanti.

Onko_Kivu
Mkubwa, uwiano ukiwa juu, hali ya mgonjwa ni nzito kwa dawa yoyote atakayopewa. Hauchagui dawa. Wa kupewa trastuzumab anajulikana kwa HER2, protini inayolengwa na dawa hiyo, kwenye kipande cha biopsi.

Hiyo 3 si sheria. Watafiti wametumia mipaka mbalimbali, wengi wakihesabu damu ya Waasia. Huku kwetu watu wengi hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, na neutrofili zao huwa chache hata wakiwa wazima. Mpaka wa Japani utakudanganya.

Kinachoharibu zaidi ni saa ya kuchota. Deksametazoni ya kuzuia kutapika hupandisha neutrofili na kushusha limfositi. Ukichota baada yake umepima deksametazoni, si kansa. Filgrastimu nayo hupandisha neutrofili. Chota asubuhi ya mzunguko wa shimio, kabla ya sindano yoyote, na fanya tone nene la kutafuta malaria: malaria nayo hushusha limfositi.

Hadubini243
Kama mnahesabu kwa jicho, msiishie chembe nyeupe 100. Limfositi 20 kwa 100 zinaweza kuwa 13 kweli, au 29. Neutrofili zikiwa 70, uwiano unaruka kutoka 2.4 hadi 5.4 na mgonjwa ni yuleyule! Hesabu angalau 200.

Hemogramu ifanyike Bukavu hapohapo, tubu ya EDTA (inayozuia damu kuganda), ndani ya saa 6. Ya CEA acha igande dakika 30, zungusha kwa mashine dakika 10, hamishia serumu (maji yanayobaki juu) kwenye tubu safi, kisha iende na barafu. Damu nzima usiipandishe boti.

Onko_Kivu
CEA ikiwa chini ya 5 ng/ml tangu mwanzo, haitakusaidia sana kufuatilia. Na mvuta sigara huwa nayo juu kidogo bila kansa. CA 19-9 ina mtego wake: asiye na antijeni ya Lewis (alama ya kundi la damu) kwa kawaida haitengenezi, na nyongo ikiziba inapanda yenyewe.

Wiki za kwanza za shimio CEA inaweza kupanda kwa sababu seli zinakufa na kuimwaga. Msisimamishe dawa kwa namba hiyo, ngojeni skana. Na mpime mashine ileile kila mara, vifaa tofauti havitoi namba sawa.

Labo_Kadutu
Basi kwenye fomu naongeza saa ya kuchota na saa ya deksa.

Hadubini243
Na joto la mwili, ili homa kama ya malaria ionekane.