Trafiki akisimamisha gari, abiria ana haki ya kumrekodi? Tujadili

Wandugu, tulijadili hili bila matusi, kwa sababu linamgusa kila anayepanda matatu Kenya hii.

Majuzi gari letu lilisimamishwa. Makanga akashuka na leseni ya dereva, noti imekunjwa ndani yake. Kijana aliyeketi kando yangu akainua simu dirishani. Afande alipomwona alikuja mbio: "Lete hiyo simu! Nani amekupa ruhusa?" Akaifuta video kwa mkono wake mwenyewe, akamrudishia simu, gari likaondoka. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi. Kunyamaza kwangu kunaniuma mpaka leo.

Ruhusa ya nani, lakini? Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kusambaza habari. Ibara ya 31 inatukinga tusipekuliwe wala kunyang'anywa mali yetu. Ibara ya 244 inawataka polisi wazuie ufisadi na wafanye kazi kwa uwazi na uwajibikaji. Tunachotishiwa nacho mara nyingi ni kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kile cha kumzuia afisa kutekeleza kazi yake. Kifungu hicho kina maana yake. Ukimsogezea afisa simu puani huku anakagua magurudumu, au ukisimama kati yake na dereva, umemzuia. Aliyetulia kwenye kiti chake, mkanda umefungwa, amemzuia nani?

Rafiki yangu mmoja ananipinga: afisa naye ni binadamu, ana faragha. Sikatai, awapo nyumbani kwake. Akiwa barabarani na sare, sheria hiyohiyo ya polisi inamtaka avae jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Serikali yenyewe inataka atambulike. Sasa anajificha nini?

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi: video hukatwa. Unaonyeshwa sekunde ishirini za afisa anafoka, huonyeshwi dereva aliyetangulia kumtukana mamake. Hapo nakubaliana naye, na ndiyo maana natenganisha kurekodi na kurusha mtandaoni. Ukikata video ili umsingizie mtu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweza kukufikia. Ipeleke nzima kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Usiifute kwenye simu iliyoirekodi, maana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha kuonyesha ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana. Na video nzima humtetea afisa mwaminifu pia, siku dereva atakapodai aliombwa hongo.

Kuna mahali nami narudi nyuma. Barabara ya Garsen kwenda Lamu mabasi yamewahi kushambuliwa, na vizuizi vya huko vipo kwa sababu ya roho za watu. Kurusha moja kwa moja idadi ya askari na mahali waliposimama ni kumsaidia adui. Rekodi kama umeonewa, lakini usirushe ukiwa bado hapo.

Tukumbuke pia Tume ya Huduma ya Polisi ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki karibu miaka kumi iliyopita. Wengine walitakiwa kueleza pesa zilizopita kwenye M-Pesa zao. Pesa ya simu inaacha alama. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni haiachi chochote isipokuwa kuna jicho lililoiona na kuihifadhi. Na Juni 2025, muuza barakoa alipopigwa risasi ya kichwa katikati ya Nairobi, nchi nzima iliona kwa sababu kamera zilikuwa zinawaka, na maafisa wawili wakakamatwa. Bila picha zile, tungeambiwa nini?

Kwangu mimi, afisa anayefuta video ya mwananchi ameharibu ushahidi, na anastahili kushtakiwa kwa hilo pekee, hata kama hongo haikuthibitika. Hapo ndipo nataka mnipinge au mniunge mkono. Na kama uliwahi kunyang'anywa simu ukaipeleka kesi hiyo IPOA, ilifika wapi?