Tupeane uzoefu: ukiwa mjamzito kazini kwenye watu wengi, ulijikingaje na magonjwa ya kuambukiza?

Mama Kijacho
Habari zenu wapendwa. Nina ujauzito wa wiki tisa, wa kwanza. Nafundisha darasa la awali hapa Dar, watoto 46, chumba kimoja. Jumatatu mtoto mmoja kaja na vipele, mama yake anasema ni joto tu. Jumatano wakawa watatu. Kazini hajui mtu, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Mama kanikataza kusema mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Mliopita huku mlifanyaje? Tafadhali msiniambie "usijali".

Nesi wa Zamu
Mwalimu, vipele vya namna gani? Vyenye maji, vinawasha, vingine vinakauka huku vingine vinatoka: hiyo ni tetekuwanga. Vidogo vyekundu, homa ndogo, tezi zimevimba nyuma ya masikio: fikiria rubella. Tetekuwanga kama uliugua utotoni, kwa kawaida una kinga, kwa hiyo mpigie mama leo umuulize. Rubella kumbukumbu haisaidii, mtu anaugua bila kujua. Na wiki 12 za kwanza ndizo mbaya zaidi, inaweza kumharibu mtoto moyo, macho na masikio. Chanjo ya surua na rubella iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2014, sisi wakubwa ilitupita, na ukishashika mimba hupewi kwa sababu ina virusi hai. Nenda ukapime damu, usisubiri tarehe ya kliniki. Ukifika useme mlangoni kwamba umekaa na wenye vipele, wasikuweke benchi moja na wajawazito wenzako.

Sasa yangu. Mimba ya pili nilikuwa wodi ya wanaume, hospitali sitaitaja. Nilificha hadi wiki ya 14. Kulikuwa na baba anatibiwa nimonia, siku kumi anakohoa, mimi ndiye ninayemgeuza na kumlisha uji. Majibu ya makohozi yakarudi: TB. Muda wote huo nimevaa barakoa ya kawaida ya upasuaji, ambayo kwa TB haimkingi mvaaji. N95, barakoa zinazomkinga mvaaji, zilikuwepo! Kabatini, ufunguo kwa matroni, matroni semina Dodoma. Nikapimwa, nikaonekana salama, lakini miezi iliyobaki kila nikikohoa usiku mume wangu anawasha taa. Matroni aliporudi aliniuliza mbona sikusema. Nikaangalia viatu vyangu. Siku hiyohiyo akanihamishia stoo ya dawa.

Bi Mkubwa wa Tanga
Poleni wanangu. Ila msidharau ya wazee, watu wana macho. Mimi mimba mbili ziliharibika baada ya kutangaza mapema, ya tatu nikanyamaza na leo ni mtu mzima ana watoto.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mama. Sitabishana nawe. Nasema amwambie mmoja tu, yule mwenye ufunguo wa kabati.

Kaunta Namba 3
Mimi benki, Januari 2024, mimba miezi mitano, Dar nzima macho mekundu. Noti mikononi kutwa, na tabia ya kulamba kidole unapohesabu. Nikaomba sponji yenye maji, nikawa naosha mikono kila baada ya foleni. Siku moja nikavaa glovu, mteja akaniuliza, "Dada, unatuonea kinyaa?" Nikazivua. Basi nikaugua hata hivyo, na si kwa wateja. Mume wangu alianza yeye, taulo letu lilikuwa moja.

Baba Wawili
@Kaunta nimecheka jamani. Nyie mna wa kumwomba ruhusa. Mke wangu ni mama lishe pale stendi, bosi ni yeye, afisa utumishi ni yeye. Alipokuwa mjamzito kipindupindu kilizuka mtaani, hakuweza kufunga kwa sababu kodi haijui mimba. Alichofanya: maji ya kunywa yanachemka mbele ya macho yake, kachumbari ikafutwa kabisa (wateja walilalamika kuliko walivyolalamika bei ilipopanda), na kazi ya vyombo akapewa mdogo wangu.

Chekechea Mstaafu
Mwalimu, mbali na vipele, hao wadogo watakulisha biskuti walizokwisha mung'unya, ukikataa wanalia. Usile mabaki yao, usiwabusu midomoni, na ukishawafuta kamasi au kuwabadilisha nguo nawa kwa sabuni. Mate na mkojo wa watoto wadogo hubeba virusi vinaitwa CMV, navyo vinaweza kumfikia aliye tumboni. Nilikuja kuambiwa hayo nimeshazaa wanne.

Utumishi Zamani
Kwa walioajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, mwajiri haruhusiwi kumfanyisha mjamzito kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Inapowezekana anatakiwa kumpa kazi nyingine kwa masharti yasiyo pungufu. Zamu ya usiku ni marufuku miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi ukiwa na cheti cha daktari. Nilikaa ofisi hiyo miaka mingi. Barua nyingi nililetewa tumbo likiwa tayari la miezi saba. Andika sasa, weka "SIRI" juu ya bahasha, ambatanisha cheti.

Mama Kijacho
Nimerudi. Mama anasema niliugua tetekuwanga nikiwa na miaka sita, nilifungiwa chumbani kwa bibi Lushoto. Daktari amewaona watoto wawili, ni tetekuwanga kweli, watabaki nyumbani hadi vipele vyote vifunge magamba. Damu ya rubella nimetoa, majibu Ijumaa.

Halafu nikaenda kwa mkuu wa shule na bahasha yangu ya siri, mikono inatetemeka. Hata hakuifungua. "Mwalimu, wiki mbili hizi hunywi chai ya saa nne na unakimbia harufu ya maandazi. Nilikuwa nakusubiri." Kuanzia kesho niko darasa la tano.

Mama sijamwambia kwamba shuleni wanajua.