Ramani ya kubonyeza kwa makumbusho ya askari wa Tabora na Saïo: ekrani ama taa?

Mwana_Nguba (Bukavu)
Jambo yenu wote. Tuko kikundi ya vijana hapa Bukavu, parokia moja imetuachia chumba yao ya zamani tupange makumbusho kadogo ka wazee wetu wa Force Publique, jeshi la Kongo la wakati wa Wabelgiji, wale walienda kupigana na Wajerumani Tabora 1916 na wale walienda kupigana na Waitaliano Abisinia (Etiopia ya leo) 1941. Picha tuko nazo, kofia nyekundu moja, medali za familia mbili tatu. Kitu inatusumbua ni ramani. Miye nataka ramani yenye mtu anabonyeza halafu inajibu, si karatasi ya ukutani yenye mishale, ile watu wanapita tu bila kusimama. Mwenzetu mmoja anasema tununue ekrani kubwa ya kugusa, nikauliza bei yake mate ikakauka, na umeme wa hapa munajua vile uko, unakuja usiku watu wamelala. Mwingine anasema mbao na taa. Nyinyi mungefanya nini?

Na swali ya pili pengine njo ngumu zaidi: kila siku watu wanapita mbele ya Camp Saïo, kambi ya askari hapa Bukavu, ukiuliza Saïo ni wapi wanabaki kukuangalia. Ramani ianzie wapi ili mtoto wa Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu, aone hii mambo inamuhusu?

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Ndugu yangu achana na ekrani. Ikipasuka nani atakutengenezea? Taa tu. Wamarekani wenyewe pale Gettysburg, uwanja wa vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, toka 1963 walikuwa na ramani moja kubwa ya taa zaidi ya 600, watu wanakaa kuizunguka kwa giza, sauti inaeleza vita na taa zinawaka, huyu yuko hapa yule yuko pale. 2008 wakaifunga wakahamia jengo jipya lenye filamu na vyote, na kuna watu mpaka leo wanailalamikia ile ya zamani.

Chukua triplex (ile mbao nyembamba ya tabaka), kata karatoni kwa kufuata mistari ya kimo cha milima, gundisha moja juu ya ingine mpaka mlima unatoka, paka rangi, toboa matundu, ingiza LED, zile taa ndogo ndogo, kwa chini. Batri ya volti 12 na pano moja ya jua inatosha kabisa, LED hazili kitu. Lakini usisahau rezistansi, kile kidude cha kupunguza umeme, bila hiyo zitaungua siku ya ufunguzi padri akiangalia. Batoni utafute zile kubwa ngumu, juu watoto watazipiga kama ngoma.

Vipimo: ukiweka sentimita 1 kwa kilomita 5, toka Goma mpaka Tabora kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 540, kwa hiyo mita moja na kidogo. Inaingia kwa mbao moja. Saïo usiilazimishe iingie humo, iko mbali kule Etiopia, fanya mbao ya pili. Halafu taa ziwake kwa zamu, si zote mara moja: Kigali 6 Mei 1916 kwa kikosi cha kamanda Molitor, Usumbura Juni kwa kile cha kamanda Olsen, Kigoma mwisho wa Julai, Tabora 19 Septemba. Mtu akiona vile vikosi viwili vinashuka kila kimoja na njia yake halafu vinakutana Tabora, ameelewa, hata kusoma hahitaji.

Yaya_Himbi (Goma)
Fundi amesema vizuri kwa upande wa nyaya, lakini mdogo wangu ukiwasha taa za Molitor na Olsen na mkubwa wao Tombeur peke yao utakuwa umerudia ile ile ya Wabelgiji. Tombeur alipewa mpaka ubaroni wa "de Tabora". Wale walibeba risasi na unga walipewa nini? Wapagazi wa Kongo katika ile vita wanahesabiwa kama 260,000, wengi kuliko askari mara nyingi sana, na njia zile hazikuwa na lori, zilikuwa na vichwa vya watu. Kwa hiyo weka taa za rangi ingine kwa wapagazi, na pembeni ya batoni weka sanduku ya kilo 25, mtu aiinue kwanza ndipo abonyeze. Akishaiinua hatauliza tena kwa nini tunawaita mashujaa.

Na swali yako ya pili: anzia Idjwi! Wadachi (Wajerumani) walikikamata kile kisiwa Septemba 1914. Mtoto wa Bukavu anajua Idjwi, anakula mananasi yake, boti anaziona kila siku. Taa ya kwanza iwake pale katikati ya ziwa.

Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Nakubaliana na Yaya kuhusu wapagazi, na naongeza njia moja ambayo wageni wa makumbusho wataipenda kuliko zote. Mwaka 1915 Waingereza walileta vimashua viwili, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town hadi Fungurume kwetu huku. Reli ikaishia hapo. Vikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, vikashuka Lualaba, vikapanda treni tena mpaka Kalemie ya leo. 26 Desemba 1915 vikaikamata meli Kingani ya Wajerumani, Februari 1916 meli yao ingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa, na hapo ndipo njia ya kuvuka Tanganyika ikaanza kufunguka. Vitabu vinamsifu kamanda wake Spicer-Simson, mtu wa majivuno kweli kweli. Waliokata ile barabara na kujenga madaraja hawana hata mstari.

Ila neno "mashujaa" mlitumie kwa akili. Force Publique hiyo hiyo ndiyo iliyosimamia ugemaji wa mpira na kiboko wakati wa mfalme Leopold. Msilifiche, weka taa moja kwa ajili hiyo pia. Pale Tervuren, makumbusho ya Afrika huko Ubelgiji, kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo, na siku hizi msanii wa Kongo Freddy Tsimba ameweka kazi yake kwenye madirisha, jua likipiga kivuli cha majina ya Wakongo waliokufa huko Ubelgiji kinaangukia juu ya yale. Hawakubomoa kitu, wameongeza tu.

Mwana_Nguba (Bukavu)
Aksanti sana yaya, aksanti mwalimu, na fundi pia. Sanduku ya kilo 25 tayari nimeshapata mtu wa kuitengeneza hahaha. Sasa kuna familia zinaleta majina ya wazee wao wa 1941, na zingine zinaleta ya vita ya juzi juzi, wanataka nayo iingie. Nifanye nini?

Yaya_Himbi (Goma)
Ya juzi usiguse, sikia dada yako. Kwa vita ya sasa shujaa wa huyu ni muuaji wa yule, chumba itafungwa mbele ya wiki kuisha. Na Camp Saïo ya Bukavu usiiwekee taa hata kidogo, ramani ya makumbusho haina kazi ya kuonyesha kambi za leo. Saïo ya kuwasha ni ile ya Etiopia, siku hizi inaitwa Dembi Dolo, pale jenerali Gazzera wa Waitaliano alijisalimisha kwa Gilliaert, jenerali wa Force Publique, 3 Julai 1941 pamoja na majenerali wenzake, wote 9. Kila mahali andika majina yote mawili, la zamani na la leo, Usumbura na Bujumbura, Costermansville na Bukavu, la sivyo wazee na watoto watasoma ramani mbili tofauti.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Na majina ya wazee usiyapake rangi moja kwa moja kwa mbao, andika kwa vikaratasi vya plastiki vya kuchomeka, juu familia zingine zitakuja tu hata mwaka ujao. Acha pia kamba ndefu ya kutoka nje ya mbao: wengine walifika Nigeria na Misri, na mzee Kunyuku, yule mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani Kinshasa 2022, alifika mpaka Birmania (Myanmar ya leo). Gundi tumia ya mbao, ile ya maji, isikukimbize haraka, uiache ikauke siku nzima kabla ya kutoboa.