Mtoto wa paka: wa bure kwa jirani au wa Kiajemi wa laki tatu?

Mtoa mada (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Nyumbani tumegawanyika. Tumepanga vyumba viwili, tuna mtoto wa miaka mitatu na panya wasiohesabika. Paka wa jirani kazaa wanne chini ya ngazi, wana wiki tano, na jirani ananisukuma nichukue mmoja leo. Mke wangu yeye kapenda picha ya paka wa Kiajemi, mweupe, macho ya buluu, anauzwa laki tatu Dar. Mimi nasema kulipia paka ni anasa. Nani kakosea?

Shume Mstaafu
Wewe. Na mkeo pia, ila kidogo.

Wiki tano huyo bado ananyonya. Mwache afike angalau wiki nane, kumi na mbili ni bora zaidi. Sizungumzii maziwa peke yake. Mama na nduguze ndio wanaomfundisha kwamba ukiuma sana, mchezo unaisha. Niliwahi kuchukua wa mwezi mmoja, nikamlisha kwa bomba la sindano, akakua akidhani mkono wangu ni panya. Alama ninazo hadi leo. Halafu huyo mama akianza kuwaletea mawindo, wanajifunza kazi unayoitaka wewe.

Ila usikae tu ukingoja. Nenda kwa jirani kila jioni na mwanao, muwashike taratibu. Paka huzoea watu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba. Muda huo ukimpita amejificha chini ya ngazi, utafuga kivuli.

Mzawa wa Ng'ambo, Unguja
Kwenye bei nina neno. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume, inayokemea kuchukua bei ya mbwa na paka. Imam Nawawi, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kuwa paka wa manufaa anafaa kuuzwa, na katazo linaweza kubebwa kwenye karaha, yaani jambo lisilopendeza tu, ili watu wazoee kupeana. Basi si haramu, mke wako asitishwe. Lakini kupeana kwenyewe kuko wapi siku hizi, na vichochoro vimejaa vitoto?

Mama Manyoya
Ninaye wa Kiajemi, mwaka wa nne huu. Namchana kila siku. Nikiruka siku tatu manyoya yanasokotana. Uso bapa, machozi hayakauki, anakoroma kama mzee, na Februari anahamia sakafu ya bafuni. Panya alipita mbele yake, wakaangaliana, basi. Lakini mjukuu anamvuta mkia naye ametulia tu! Msimseme vibaya.

Huyo mweupe wa macho ya buluu, kabla hujatoa hela piga makofi ukiwa nyuma yake. Wengi wao huzaliwa viziwi. Usinunue mbuzi kwenye gunia.

Mwenye Duka la Dawa za Mifugo
Mnabishana rangi na bei, hakuna aliyeuliza dume au jike. Jike anaweza kuingia joto akiwa na miezi minne tu, na mimba ni wiki tisa. Kama huna mpango wa kumfunga uzazi, mwakani wewe ndiye utakayemsukumia jirani watoto. Dume asiyehasiwa naye atakojolea mapazia.

Ukienda kuchagua: macho makavu, masikio yasiyo na uchafu mweusi, chini ya mkia pasafi. Tumbo gumu la duara si shibe, ni minyoo. Akifika miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, una mtoto mdogo ndani.

Shume Mstaafu
Na chukua wawili. Akiwa mmoja tu, atamchosha mwanao.

Mama Manyoya
Vyumba viwili, paka wawili? Mwonee huruma mwenye nyumba.

Mtoa mada (Tanga)
Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Watatu walikimbia. Wa nne akaja mwenyewe, akanusa kandambili ya mwanangu, akailalia. Jike. Jirani kakubali kumlea wiki tatu zaidi, nami nitapeleka dagaa za mama yake. Mke kaafiki, laki tatu zimebaki.

Tatizo ni mweusi tii, na mama mkwe anakuja mwezi ujao. Huyo ukimtajia paka mweusi anaanza kusoma dua. Nimwambieje?