Tetemeko likikukuta katikati ya daraja la Kigongo–Busisi inakuwaje?

Fuso_la_Geita:
Wakuu habari za jioni. Napiga mizigo Geita–Mwanza, na tangu daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025 tumesahau foleni ya pantoni. Jana tumekwama juu pale katikati kwa ajili ya ng'ombe wa watu, nikaanza kuwaza. Tetemeko la Bukoba la Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu na nyumba zilianguka. Daraja la kilomita 3, limeshikwa na nyaya, likitikiswa vile si tunaishia kwa sangara?

Kokoto_Nyegezi:
Mkuu, nimezeekea kwenye saiti za zege, ngoja nikujibu. Nyumba na daraja refu haviogopi tetemeko moja.

Nyumba fupi ya tofali ikisukumwa inakwenda na kurudi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Tetemeko la ukubwa wa Bukoba, tena la karibu, linatikisa kwa haraka hivyohivyo, vikakutana, ukuta ukalala. Daraja refu la nyaya ni zito na mvivu: kwenda na kurudi mara moja laweza kuchukua sekunde 3, 4 au zaidi. Ule mtikisiko wa haraka unapita kabla halijaamka vizuri. Kinacholiamsha ni tetemeko kubwa, hata likiwa mbali, kwa sababu mawimbi ya polepole husafiri sana. Rukwa mwaka 1910 lilipiga la 7 na ushee, Ziwa Tanganyika 2005 likapiga 6.8. Mhandisi wa daraja hayo ndiyo ayawaze. Na matope laini ya chini ya ziwa huyakuza mawimbi hayo, ndiyo maana nguzo hushushwa mpaka kwenye mwamba.

Ila letu la Busisi si la nyaya kamili. Angalia minara yake ilivyo mifupi. Ni ekstradozi: sitaha yenyewe, yaani pale magari yanapopita, ni nene na inabeba sehemu kubwa ya mzigo, nyaya zinasaidia. Kwa hiyo ni gumu kidogo, linajibu haraka kuliko lile la Jinja, ambalo ndilo la nyaya hasa.

Binti_Kirumba:
Mzee wangu shikamoo. Mbona Taiwan mwaka 1999 waya ulichomoka?

Kokoto_Nyegezi:
Marahaba mwanangu. Kweli, daraja la Chi-Lu, lilikuwa karibu kukamilika. Waya mmoja ulitoka kwenye nanga yake na mnara ukapasuka nyufa, lakini halikuanguka. Lile tetemeko lilikuwa zaidi ya 7.5 na lilipita karibu mno.

Mimi nyaya hazininyimi usingizi. Ninachokiogopa ni beringi, yaani vikalio vinavyobeba sitaha juu ya nguzo, na maungio ya mwishoni. Tetemeko la Kobe, Japani, 1995, daraja la Higashi-Kobe liliumia hapo hapo kwenye beringi. Jambo jingine ni urefu: wimbi halifiki nguzo zote kwa pamoja, upande wa Kigongo unaweza kusukumwa wakati Busisi bado imetulia. Tena madaraja haya yakishaanza kuyumba hayatulii upesi, yenyewe hayana breki.

Wagiriki pale Rion-Antirion wamefanya jambo lililonifurahisha. Sitaha ya mita 2,252 inaning'inia mfululizo, imefungwa shokapu kubwa kwenye minara, na nguzo zimekalishwa juu ya kokoto bila kufungwa, ili ardhi ikivutika ziteleze zisivunjike. Juni 2008 likaja tetemeko la zaidi ya 6, daraja likabaki zima.

Fuso_la_Geita:
Kumbe. Sasa nikiwa juu nifanyeje? Na tani 10 za saruji si naliongezea balaa?

Kokoto_Nyegezi:
Punguza mwendo, usipige breki za ghafla, toka darajani taratibu, na ukifika kwenye maungio angalia kama pengo limepanuka. Saruji yako mbele ya zege la kilomita 3 hata haihesabiki. Mizani ndiyo itakayoihesabu.