Kolesteroli inafanya nini kwa vipokezi vya seli? Nina mwanafunzi anasubiri jibu

Mwalimu wa Uyole:
Habari za asubuhi wakuu. Nafundisha Baiolojia kidato cha tano hapa Uyole, Mbeya. Jana tukiwa kwenye utando wa seli, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu amekatazwa nyama ya mafuta kwa ajili ya kolesteroli. Mbona tunaichora kwenye kila seli?"

Nikamwambia inazuia utando usilegee sana wala usigande. Mfano ninao jikoni: dumu la mawese ya Kyela. Kule bondeni yanamiminika, lakini Juni hii hapa kwetu asubuhi nayachota kwa kijiko. Darasa likaelewa. Binti akarudi: "Na zile protini zilizochomekwa humo, kolesteroli inazifanya nini?" Nimemwahidi jibu Jumatatu, na sitaki kumbabaisha. Naombeni msaada.

Maabara Iringa:
Mwalimu, heshima kwako. Mawese yako ni nusu ya jibu. Kati ya protini hizo kuna vipokezi, zile zinazopokea taarifa kutoka nje ya seli. Kipokezi hakikai kama msumari kwenye ubao. Homoni ikikishika kwa nje, kinajipinda, na upande wa ndani unafunguka kupokea protini nyingine inayopeleka taarifa mbele. Utando ukikaza au ukilegea, kujipinda huko nako kunabadilika.

Nusu ya pili ndiyo inayonisisimua: kolesteroli hujibanza kwenye protini yenyewe. Chukua kipokezi cha adrenalini cha beta-2, kile kinachoguswa na salbutamoli ya wenye pumu. Umbo lake lilipochunguzwa kwa eksirei mwaka 2008, zilionekana molekuli mbili za kolesteroli zimelala kwenye kibonde katikati ya nguzo zake. Nguzo ni saba, zinatoboa utando kwenda na kurudi. Wachoree.

Tunajuaje ni ugumu wa utando au ni mguso? Watafiti huinyofoa kolesteroli kwa siklodekstrini, sukari yenye umbo la pete, kisha huweka steroli nyingine, yaani molekuli za jamii yake, mahali pake. Kipokezi cha oksitosini, homoni inayokaza mfuko wa uzazi, huchagua: steroli chache tu zinazofanana sana na kolesteroli ndizo hukirudishia nguvu ya kuishika homoni. Cha kolesistokinini, homoni inayokamua kibofu cha nyongo, hufuata zaidi ugumu wa utando.

Mkunga Tukuyu:
Hapo kwenye oksitosini umenishika mkono. Mama akishajifungua namchoma uniti 10 pajani, kisha naweka kiganja tumboni hadi niusikie mfuko wa uzazi umekaza kama mpira. Miaka 14 sijawahi kuwaza kwamba chini ya kiganja changu kuna kolesteroli inayoshikilia kipokezi. Sasa niambie, mjamzito anayekula ugali na maharage tu, nyama haioni, atapungukiwa?

Maabara Iringa:
Hapana, dada yangu. Seli zinaitengeneza zenyewe, na ini ndilo fundi mkubwa. Ubongo nao unajitengenezea ya kwake, haungoji ya kwenye damu. Mwalimu, mwambie binti kwamba daktari wa bibi anahofia ile inayosafiri kwenye damu ndani ya LDL, vifurushi vidogo vya mafuta na protini, na kujijenga kwenye kuta za mishipa. Molekuli ni ileile, mahali ndipo tofauti.

Mwalimu wa Uyole:
Asanteni sana. Nimeshachora nguzo saba kwenye manila, kibonde nimekiacha wazi. Jumatatu namwita mbele, aiweke kolesteroli yeye mwenyewe.